Jinsi ya Kuchagua Mikato ya Kibodi Inayofaa Windows, macOS na Linux: Mwongozo Kamili

Programu nyingi hugawiwa mikato siku za mwisho kabla ya kutolewa, na anayeigawa huwa na kompyuta moja tu mbele yake. Mwenye Windows huandika Ctrl+H kwa ajili ya kubadilisha maneno, akaijaribu, ikakubali, akaendelea na mengine. Wiki moja baadaye mtumiaji wa Mac analalamika kwamba kila akitaka kubadilisha neno, programu nzima inatoweka kwenye skrini. Kosa hili halitokani na msimbo mbovu. Limetokana na kuchagua vitufe kabla ya kuuliza ni nani mwingine anayevitumia.

Mwongozo huu ni wa msanidi anayetaka programu yake ifanye kazi kwenye mifumo mitatu bila kuwachosha watumiaji. Mfano nitakaourudia ni programu yangu ndogo ya mauzo ya dukani, yenye amri kama kuongeza bidhaa, kutafuta bidhaa, kuchapa risiti na kufunga hesabu za siku. Niliikosea mara mbili kabla haijakaa sawa, na makosa yote mawili yamo humu.

## Utakachohitaji

- Orodha ya amri zote za programu yako, hata zile unazodhani hakuna atakayezitumia.
- Lahajedwali lenye safu nne: amri, Windows, macOS na Linux.
- Mashine ya Windows na ya Linux. Linux inaweza kukaa ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya nyingine. Mac azima kwa saa moja au mbili ikiwa huna.
- Mipangilio ya kibodi ya Kifaransa na ya Kiarabu, iliyoongezwa kwenye mipangilio ya mfumo. Huna haja ya kununua kibodi mpya.
- Mtu mmoja anayeitumia programu kwa kazi ya kweli, ambaye si wewe.

Usianze kuandika msimbo wowote hadi ufike hatua ya sita.

## Hatua ya 1: Punguza orodha

Pitia amri moja moja na ujiulize mtumiaji anaitoa mara ngapi kwa saa. Amri inayotolewa mara moja kwa siku haihitaji mkato, menyu inaitosha. Katika programu yangu kulikuwa na amri thelathini na kitu, na zilizostahili zilikuwa tisa.

Sababu ni kwamba kila mkato unaoongeza unamaliza nafasi ambayo ni finyu tangu mwanzo, na unaongeza uwezekano wa mtu kuubonyeza kwa bahati mbaya. Amri zinazoharibu kitu, kama kufuta mauzo yote, zisipewe mkato kabisa, au zipewe pamoja na dirisha la kuuliza kwanza.

Umefaulu ikiwa unaweza kumtajia mtu orodha yako yote bila kuitazama.

## Hatua ya 2: Chukua mikato ambayo tayari ina wenyewe

Kunakili, kukata, kubandika, kutendua, kuhifadhi, kuchapa na kutafuta vina mikato ambayo vidole vya watu vimeshaizoea. Usibuni hata mmoja kati ya hiyo. Tatizo ni kwamba wengi hudhani tofauti ya mifumo ni Ctrl dhidi ya ⌘ tu, ilhali baadhi ya amri zinatofautiana kabisa (kwenye Mac ⌘ ni Command, ⌥ ni Option, ⇧ ni Shift na ⌃ ni Control; GNOME ni mojawapo ya maeneokazi ya Linux):

| Amri | Windows | macOS | Linux (GNOME) |
|---|---|---|---|
| Kutendua | Ctrl+Z | ⌘Z | Ctrl+Z |
| Kurudisha kilichotenduliwa | Ctrl+Y | ⇧⌘Z | Ctrl+Shift+Z |
| Kutafuta kinachofuata | F3 | ⌘G | Ctrl+G |
| Kuruka neno moja | Ctrl+→ | ⌥→ | Ctrl+→ |
| Kwenda mwanzo wa mstari | Home | ⌘← | Home |
| Kufungua mipangilio | hakuna wa kawaida | ⌘, | Ctrl+, |
| Skrini nzima | F11 | ⌃⌘F | F11 |
| Kufunga programu | Alt+F4 | ⌘Q | Ctrl+Q |

Jaza safu hizi kwenye lahajedwali lako kabla ya kitu kingine chochote. Hakuna ubaya mfumo mmoja kukubali mikato miwili kwa amri moja. Mimi huruhusu Ctrl+Y na Ctrl+Shift+Z zote mbili kwenye Windows na Linux, kwa kuwa watu huhama mifumo na vidole vyao.

Tahadhari: kitufe kilichoandikwa «delete» kwenye kompyuta mpakato za Mac ndicho Backspace ya kwingineko. Delete ya kufuta kilicho mbele hupatikana kwa kushikilia fn. Ukiweka «futa mstari» kwenye Delete peke yake, mtumiaji wa Mac ataona kitufe hakifanyi kazi. Sikiliza vyote viwili.

## Hatua ya 3: Futa vilivyotwaliwa na mfumo

Kuna michanganyiko ambayo haifiki kwenye programu yako, au ikifika humkorofisha mtumiaji.

Kwenye Windows, mchanganyiko wowote wenye kitufe cha Windows ni wa mfumo: Win+L hufunga skrini, Win+D huonyesha eneokazi, Win+E hufungua mafaili. Ongeza Alt+Tab, Alt+Space, Ctrl+Esc, Ctrl+Shift+Esc na Ctrl+Alt+Delete. Alt+Shift nayo hutumika kubadili lugha ya kibodi pale ambapo lugha ni zaidi ya moja, kwa hiyo mwenye kuandika Kiarabu na Kiswahili huibonyeza siku nzima.

Kwenye macOS ondoa ⌘Space, ⌘Tab, ⌘H, ⌘M, ⇧⌘3, ⇧⌘4 na ⇧⌘5 za kupiga picha ya skrini, Ctrl pamoja na mishale, na zaidi ya zote ⇧⌘Q, ambayo huanzisha kumtoa mtumiaji nje ya akaunti yake.

Kwenye Linux hali inategemea eneokazi. Alt+F2 hufungua sehemu ya kuandika amri kwenye GNOME na KDE, Ctrl+Alt+T hufungua terminali kwenye Ubuntu, na Ctrl+Alt pamoja na vitufe vya F hukupeleka kwenye skrini nyingine za mfumo, nyingi zikiwa za maandishi matupu. Ctrl+Shift+U huanzisha uandishi wa herufi kwa namba zake za Unicode, na wengi huigundua baada ya kuipa amri yao.

Ikiwa programu yako inaishi ndani ya kivinjari, ongeza Ctrl+N, Ctrl+T na Ctrl+W. Chrome haikabidhi hizo tatu kwa ukurasa wa kawaida hata ukiita `preventDefault()`, amri ya kuzuia kitendo cha kawaida cha kivinjari. Ctrl+F utaweza kuinyakua, lakini fanya hivyo ikiwa tu utafutaji wako unazidi ule wa kivinjari.

## Hatua ya 4: Usihamishe Ctrl kwenda ⌘ kwa upofu

Zana nyingi zinakupa kitufe kikuu bila kukuuliza mfumo. Electron ina `CommandOrControl`. Qt huigeuza `Qt::ControlModifier` kuwa ⌘ ikiwa kwenye Mac, na Java ina `getMenuShortcutKeyMaskEx()`. Kwenye kivinjari unasoma `metaKey` kwa Mac na `ctrlKey` kwingineko. Zitumie, lakini usizikabidhi uamuzi.

Mfano wa Ctrl+H niliouanza nao ulitokea hapa. Zana ilifanya kazi yake vizuri: Ctrl ikawa ⌘, na ⌘H huficha programu. Vivyo hivyo Ctrl+M hugeuka kuwa amri ya kushusha dirisha, Ctrl+Space hufungua Spotlight, utafutaji wa Mac, na Ctrl+Shift+Q, ambayo kwa Windows haina madhara, hugeuka kuwa ile ya kutoka kwenye akaunti. Kwa hiyo pita kwenye lahajedwali, geuza kila Ctrl kuwa ⌘ katika safu ya macOS, kisha linganisha matokeo na orodha ya hatua ya tatu. Panapogongana, itafutie Mac mkato wake wa pekee.

Upande wa pili, usidhani kwamba Ctrl ya Mac imebaki huru kwa sababu mikato mikuu inatumia ⌘. Ndani ya sehemu za kuandikia za macOS, Ctrl+A hupeleka kishale mwanzo wa aya, Ctrl+E mwisho wake, na Ctrl+K hufuta kuanzia kishale kwenda mbele. Ukiichukua Ctrl+K, utamnyang'anya mtumiaji kitu ambacho huenda amekitumia kwa miaka bila kujua jina lake.

Hatua hii imekamilika pale ambapo safu ya macOS haina mkato hata mmoja uliopatikana kwa kugeuza tu bila kukaguliwa.

## Hatua ya 5: Kimbia Ctrl+Alt pamoja na herufi au namba

Hili ndilo kosa langu kubwa, na ndilo ninaloliona mara nyingi zaidi katika programu za wenzangu.

Kibodi za Ulaya nyingi zina kitufe cha AltGr upande wa kulia, kinachotoa herufi ya tatu iliyochorwa kwenye kitufe. Windows inakitafsiri AltGr kuwa Ctrl na Alt kwa pamoja. Kwa programu yako, mtu anayeandika herufi kwa AltGr na mtu anayetoa amri ya Ctrl+Alt wanaweza kuonekana sawasawa.

Nilikuwa nimeweka Ctrl+Alt+0 kwa ajili ya kufuta kikapu cha mauzo na kuanza upya, kwa hoja kwamba sifuri inakumbukika na mchanganyiko ni mgumu kubonyezwa kwa bahati mbaya. Duka moja la Bujumbura likaanza kulalamika kwamba mauzo yanapotea yenyewe, na si kila siku. Nilitafuta hitilafu kwenye hifadhidata kwa siku mbili. Mwishowe nilimwomba dada wa kaunta anionyeshe kazi yake kwa simu ya video, hatua kwa hatua. Akaingiza bidhaa, akaingiza bei, akafika kwenye barua pepe ya mteja, na alipoandika alama ya @, kikapu kikawa kitupu. Kibodi yake ilikuwa ya Kifaransa, na kwenye mpangilio wa Ufaransa @ huandikwa kwa AltGr na kitufe cha sifuri. Wateja wasioacha barua pepe hawakupata tatizo lolote.

Kwa mpangilio wa Kijerumani AltGr+Q ndiyo @ na AltGr+E ni €. Kwa Kipolandi AltGr+A ni ą, herufi ya kawaida kabisa. Hakuna Ctrl+Alt na herufi iliyo salama kwa wote.

Kwa Mac kitufe cha hatari ni ⌥. Kwenye mpangilio wa Marekani ⌥G huandika ©, ⌥8 huandika kitone cha orodha, na ⌥E huweka alama ya mkazo inayosubiri irabu. Pia VoiceOver, kisoma skrini cha Apple kinachowasomea wasioona, hutumia Ctrl na ⌥ kwa pamoja kama kitufe chake. Jozi hiyo iache.

Ukihitaji nafasi zaidi, ongeza Shift: Ctrl+Shift kwa Windows na Linux, ⇧⌘ kwa Mac. Utajua umefaulu ikiwa mtu anaweza kuandika kila herufi na kila alama iliyochorwa kwenye kibodi ya Kifaransa bila programu yako kushtuka.

## Hatua ya 6: Chagua herufi, kisha amua kama unamaanisha herufi au mahali

Alama ziache. Ctrl+/ na Ctrl+[ ni tamu kwa mwenye kibodi ya Marekani. Kwenye kibodi ya Ufaransa, mkwaju (/) hupatikana kwa Shift na mabano ya mraba kwa AltGr, na ukiongeza Ctrl juu yake umemwomba mtu acheze kinanda. Hata namba zinahitaji Shift kwenye kibodi hiyo; bila Shift, kitufe cha 1 huandika &. Kwa watumiaji wa Kongo, Burundi na kwingineko wenye kibodi za namna hiyo, chagua herufi za alfabeti.

Vitufe vya F visiwe njia pekee. Kwenye Mac, na kwenye kompyuta mpakato nyingi za Windows, vitufe hivyo kwanza hurekebisha mwanga na sauti, na F11 ya Mac huonyesha eneokazi.

Lugha ya herufi. Swali ninaloulizwa sana ni kama menyu ikisema «Hifadhi», mkato uwe Ctrl+H. Hapana. Kuhifadhi ni S dunia nzima, na mtumiaji wako ameizoea kwenye programu nyingine kumi. Kwa amri zako za pekee, tumia Kiswahili: mimi nimeweka Ctrl+Shift+R kwa risiti na Ctrl+B kwa bidhaa, kwa vile programu yangu haina maandishi ya kukoza. Chukua herufi ya kwanza ya nomino au ya mzizi wa kitenzi, kwa maana vitenzi-jina vyote huanza na K na herufi hiyo itakuishia kwa amri moja.

Zile herufi zinazopigiwa mstari kwenye menyu za Windows na Linux, zinazobonyezwa pamoja na Alt, ni habari tofauti. Hizo lazima zitoke kwenye neno lililoandikwa, kwa hiyo hubadilika kila menyu inapotafsiriwa. Ndiyo sababu mkato wa Alt na herufi usiwe wako: siku menyu itakapotafsiriwa, utagongana nayo.

Herufi au mahali? Kwenye kivinjari, `event.key` inakuambia herufi iliyotoka, na `event.code` inakuambia kitufe kilipo bila kujali kilichochorwa juu yake. Kitufe cha Q cha kibodi ya Marekani ni A kwenye ile ya Ufaransa, lakini `event.code` huendelea kusema `KeyQ`. Mkato unaokumbukwa kwa herufi usome `key`. Amri zinazotegemea umbo la mkono, kama vitufe vinne vya kumwendesha mchezaji, zisome `code`.

Kuna pengo moja. Mtumiaji wa Muscat aliyeacha kibodi katika Kiarabu akibonyeza Ctrl na kitufe cha S, `event.key` huleta س, nawe unangoja «s» isiyokuja. Suluhisho ni kuangalia kwanza kama herufi iliyokuja ni ya Kilatini. Ikiwa siyo, rejea kwenye `event.code`. Vilevile igeuze `key` kuwa herufi ndogo kabla ya kulinganisha, la sivyo siku CapsLock itakapoachwa imewashwa mikato yote itakufa, na hakuna atakayefikiri kuitazama CapsLock.

## Hatua ya 7: Uwe mwangalifu na kitufe kimoja peke yake

Mkato wa herufi moja bila Ctrl unavutia kwa kasi yake. Kwa anayeendesha kompyuta kwa sauti, maneno hugeuzwa kuwa herufi, na sentensi moja iliyoingia mahali pasipo pake inaweza kutoa amri kumi. Kwa sababu hiyo viwango vya WCAG 2.1 vya mwaka 2018, vinavyohusu kurasa za wavuti kutumika na watu wenye ulemavu, katika kigezo 2.1.4, vinataka mikato ya namna hiyo iweze kuzimwa, au kubadilishwa, au ifanye kazi tu pale sehemu yake inapokuwa imechaguliwa.

Dukani nilikutana na sura nyingine ya tatizo hilohilo. Kisomaji cha msimbo pau hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi: kikisoma kopo la maziwa, hubonyeza tarakimu kumi na tatu na kumalizia na Enter, kwa kasi isiyofikiwa na binadamu. Nilikuwa nimeipa tarakimu 7 amri ya kuchapa risiti. Mtu alisoma bidhaa kishale kikiwa nje ya kisanduku, na printa ikatoa risiti kwa kila saba iliyokuwemo.

Insert na CapsLock pia ziache, kwa kuwa visoma skrini vya Windows, JAWS na NVDA, huvitumia.

## Hatua ya 8: Andika mikato mahali pamoja na uionyeshe

Mikato yote ikae kwenye faili moja, kila amri na jina lake, chini yake mifumo mitatu. Msimbo mwingine uite jina la amri, usitaje kitufe. Zana yako ikiwa na mikato ya kawaida iliyokwisha kutayarishwa, kama `QKeySequence::Save`, itumie badala ya kuandika herufi.

Onyesha mkato kando ya amri kwenye menyu, kwa maandishi ya mfumo husika: «Ctrl+Shift+R» kwa Windows na Linux, «⇧⌘R» kwa Mac, ambako mpangilio wa alama ni ⌃⌥⇧⌘ na hakuna alama ya kujumlisha katikati. Mtu wa Mac akiona «Ctrl+S» kwenye menyu ataibonyeza Ctrl kweli.

## Hatua ya 9: Jaribu kwa kibodi usizokuwa nazo

Badili mpangilio uwe wa Kifaransa, kisha fungua kibodi ya kwenye skrini ili uone herufi zilipohamia. Kwenye Windows ni Win+Ctrl+O. Toa kila amri. Andika barua pepe moja yenye @, bei yenye €, na sentensi yenye alama zote. Rudia kwa Kiarabu. Kazi hii inachukua kama nusu saa kwa kila mfumo.

Baadaye mpe yule mtu wako programu bila maelezo na umtazame mikono. Akitazama kibodi kila mara kabla ya kubonyeza mkato fulani, mkato huo ni mbaya hata kama haugongani na kitu.

Kilichobaki ni kuruhusu mabadiliko. Weka ukurasa wa kubadili mikato, ukatae mchanganyiko unaotumika tayari na useme ni amri gani inayoushikilia, na uwe na kitufe cha kurudisha ya awali. Kwenye Mac mtumiaji anaweza kujipangia mkato kupitia mipangilio ya mfumo kwa kuandika jina la amri kama lilivyo kwenye menyu, kwa hiyo amri isiyo kwenye menyu hawezi kuifikia kwa njia hiyo.

Ukilazimika kubadili mkato katika toleo jipya, acha ule wa zamani uendelee kufanya kazi kwa toleo zima, huku ukionyesha ujumbe mfupi chini ya dirisha unaotaja mpya. Ctrl+Alt+0 yangu ndiyo pekee niliyoiondoa siku ileile.